Sauti Iliyotoka Kwenye Chungu cha Ikombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana naandika haya nikiwa bado na shamba langu, na akili zangu zimenirudia.

Kabla sijaenda mbali nataja waliokuwepo, mtu asije akasema bibi amejitungia. Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, jua kali, barazani kwangu hapa Katumba Songwe. Nilikuwepo mimi, Tusajigwe, mjane. Alikuwepo Subilaga, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye wote mnamjua kwa ulimi wake. Alikuwepo Lugano, mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu Ambokile, niliyemlea tangu ana miaka sita. Alikuwepo Gwakisa, mwenyekiti wetu wa kitongoji, ambaye mama yake na mimi tulibatizwa siku moja kwenye maji yale yale. Na alikuwepo Asajile, mnunuzi wa kakao kutoka Kyela mjini. Huyo hana undugu na mtu pale. Alikuja na karatasi za kununua shamba langu. Hao ni watano. Kama kulikuwa na wa sita, someni, mtaamua wenyewe.

Nimesoma hadi darasa la tatu. Maneno ni yangu, Lugano amenyoosha herufi tu.

Ndugu zangu, maisha yangu ya kwanza mnayajua kwa nje. Mlikuwa mnaniona kila Jumapili benchi la pili, kitenge cha umoja wa akina mama, naimba sauti ya juu. Ndani hamkunijua. Ndani nilikuwa namngoja mtu.

Mwanangu Ambokile alikuwa mfanyabiashara wa vyungu. Alikuwa anapanda mtumbwi hadi Ikombe, ananunua kwa wale mama wa Kikisi wanaofinyanga kwa mikono yao, anavileta, anaviuza sokoni Kyela. Siku moja akiwa anarudi ziwa lilichafuka. Chungu kitupu kinaelea, mnajua. Basi vyungu vilifika, yeye hakufika. Tulivikuta saba mchangani, vimesimama wima kwenye mstari, midomo juu, kama mtu alivipanga akasema nakuja sasa hivi.

Tulitafuta hadi wavuvi wenyewe wakatuonea huruma. Mwisho wazee wakasema: mtu hawezi kukaa bila kaburi, zikeni mgomba. Tukakata mgomba, tukauvika shuka, tukaulaza kwenye shamba la kakao nyuma ya nyumba, tukaulilia. Mchungaji aliomba, watu walileta mchele. Lakini, ndugu zangu, nawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu: mama aliyezika mgomba hajazika! Kila mlango ukilia unainua kichwa.

Vyungu sita niliwagawia watu. Kimoja nilikibakiza, kile kikubwa chenye michoro ya mistari shingoni. Nilikiweka barazani, sikuwahi kupikia.

Miaka ikapita. Lugano akamaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani. Ni mtoto mwenye maswali. Tukipeleka kakao kwenye chama cha ushirika, yeye anauliza bei imetoka wapi, nani kaipanga, kwa nini mwaka jana ilikuwa vile na mwaka huu hivi. Watu wa mizani walimchoka. Akasema, "Bibi, nitajifunza mwenyewe kwenye simu. Yapo masomo ya uwekezaji na masoko ya fedha, bure kabisa."

Nikamwambia, "Bure ya nani? Hata kanisani tunatoa sadaka."

"Bure, bibi. Ni bando tu."

Na kweli yalikuwa bure. Kulikuwa na maandishi, kulikuwa na picha za kutembea, na kulikuwa na masomo ya sauti, manane, ya Kiswahili chetu cha huku huku, ya mwalimu mmoja ambaye hakujitaja jina. Lugano akanifanyia hisani, maana masikio yangu ni mazito. Akachukua simu akaitumbukiza ndani ya kile chungu ili sauti iwe kubwa. Vijana wanafanya hivyo, wengine wanaweka kwenye bakuli. Hakuwa na nia mbaya. Na mimi sikumkataza.

Nilikuwa nachambua maharage. Kwanza kikasikika kikohozi, kidogo, cha kukata koo. Halafu maji, maji ya ziwa yanapiga mchanga. Halafu sauti ikasema:

"Mama, popote ulipo, unanisikia? Karibu tujifunze."

Ungo ukanianguka.

Ndugu zangu, Ambokile alikuwa hawezi kuanza kusema bila kukohoa hivyo! Tangu mdogo. Baba yake alikuwa anamtania, "Injini inawaka." Na sasa injini imewaka, kutoka kwenye chungu alichofia, na maji nyuma yake.

Nikasema, "Nakusikia."

Wazee wetu walitufundisha: sauti isiyo na uso ikikuita, usiitike, iulize kwanza ni mtoto wa nani. Nilijua hivyo tangu utoto. Niliitika.

"Bibi, unaongea na nani?" Lugano akauliza.

"Irudishe mwanzo."

Akairudisha. Siku ile aliirudisha mpaka bando likaisha, na yeye akafurahi, akadhani bibi yake amependa hisa.

Tukasikiliza yote manane, siku baada ya siku, mchana, wakati tunageuza kakao kwenye mikeka. Nilikariri maneno kama nyimbo. Hisa ni kipande cha kampuni. Hatifungani ni kuikopesha serikali nayo inakulipa pole pole. Mfuko wa pamoja ni watu wengi kuchanga, anayejua anawekeza kwa niaba yao, kila mtu ana vipande vyake. Niliweza kuyasema yote hata usingizini. Subilaga akinipitia ananicheka.

"Dada, chenji ya dagaa wa usipa unahesabiwa na Lugano, leo unataka kununua kampuni?"

"Wewe nyamaza. Kuna anayenifundisha."

"Ni nani huyo mwenye subira hivyo? Mimi nilishindwa kukufundisha kuendesha baiskeli."

Siri ilikuwa tamu.

Sasa niwaambie aibu yangu, maana ushuhuda usio na aibu ni majigambo. Nilianza kukisalimia kile chungu asubuhi. "Ugonile, mwanangu," yaani umeamkaje. Hata simu ikiwa haimo. Halafu nikaanza kukiwekea wali. Kijiko cha kwanza cha sufuria, kwenye jani la mgomba, pembeni ya chungu. Asubuhi jani liko tupu, limekunjwa. Leo nasema ni kuku. Lakini kuku hakunji jani, na mimi wakati ule sikutaka kuku awe ndiye. Jumapili nilikuwa nakuja kwenu naimba, na mchana nalisha chungu. Mungu anisamehe, ameshanisamehe!

Nyumba nayo ilibadilika. Nilikuwa nikilala mchana nasikia maji, na mto Songwe uko mbali na kwangu, na ziwa mbali zaidi. Siku nyingine nakuta unyevu sakafuni kuzunguka chungu, duara, na hakuna aliyekichotea maji. Lugano akaacha kukaa barazani. Akawa anafanyia kazi zake jikoni. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Pale kuna baridi, bibi." Mnajua joto la Kyela. Baridi ya wapi!

Somo la tatu ndilo lililonifunga. Sauti inakohoa, inasema: "Mama, chukua mfano. Una shamba. Shamba hili ukiliuza, fedha yote ukanunua hisa za kampuni moja. Je, ni busara?" Halafu inanyamaza. Unapigwa muziki mdogo ili msikilizaji afikiri kwanza, ndipo mwalimu aendelee.

Ndugu zangu, mimi sikuwahi kungoja muziki uishe. Mwanangu ameniuliza swali, nitakaa nisikilize kinanda? Kila mara ilipofika pale nilikuwa nasimama, machozi yananitoka, nasema, "Ndiyo, mwanangu, ni busara," natoka nje kwenda kuliangalia shamba. Somo linabaki linaongea peke yake ndani ya chungu. Mara ngapi! Nilisikiliza sauti, maneno sikuyasikiliza.

Basi nikaamua. Shamba la kakao la nyuma ya nyumba, lile lenye kaburi la mgomba, linauzwa. Asajile alikuwa amelitamani siku nyingi kwa sababu liko karibu na barabara. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Aliniuliza mara tatu, "Mama, una hakika?" Nikamwambia nina hakika kuliko wewe.

Lugano alilia. Shamba lile lilikuwa la baba yake, na ndilo la kwake kesho. Ndilo lililomsomesha, ndilo lingempeleka chuo.

"Bibi, yule ni mwalimu tu! Simjui, humjui!"

"Mwalimu gani anakohoa kama baba yako?"

Akaniangalia kwa namna ambayo mtoto humwangalia mtu mzima anayezama. Halafu akasema pole pole, "Mimi sikumbuki baba alikohoaje." Neno lile lilipaswa kunivunja. Halikunivunja. Nilikuwa mbali.

Sasa tufike Jumatano ile. Karatasi ziko kwenye stuli. Gwakisa ameleta muhuri wa kitongoji. Asajile ameshika kalamu, ananipa. Subilaga amekaa kwenye kigoda anabangua kakao, ananung'unika makusudi ili tusikie: "Mtu anauza kitanda anunue ndoto."

Kwetu huku ardhi yenye mtu haiuzwi bila kumwambia aliyelala. Nikasema, "Ngojeni. Naomba ruhusa kwa mwenyewe." Gwakisa akadhani naenda kaburini, akanipisha njia. Mimi nikageukia chungu.

"Lugano, weka somo la tatu."

Lugano akabonyeza kwa hasira, akaitumbukiza simu, akarudi nyuma hadi ukutani.

Kimya. Kuku wenyewe wakanyamaza, hata Subilaga aliacha kubangua. Asajile akaanza kukunja karatasi moja kwa vidole.

Ndipo kikohozi. Ndipo maji. Lakini maji ya siku ile hayakuwa mbali. Yalikuwa yanapanda, kama mtu anakuja anakanyaga maji ya goti. Na sauti ikasema, karibu, karibu kabisa na mdomo wa chungu:

"Juba."

Ndugu zangu! Masomo yote manane yananiita mama. Ambokile hakuwahi kuniita mama maishani mwake. Alikuwa ananiita juba, yaani mama kwa Kinyakyusa chetu, tangu anajifunza kusema hadi asubuhi aliyopanda mtumbwi. Na mimi, kwa upofu wangu, miezi yote ile sikuwahi kujiuliza kwa nini ameacha.

"Juba, unauza kwa sababu umeelewa, au kwa sababu unaipenda sauti inayokufundisha?"

Basi. Haikusema zaidi. Maji yakarudi nyuma, yakaenda, yakaenda, yakaisha.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaona kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni: niko barazani kwangu, mchana kweupe, nataka kumuuza mjukuu wangu kwa chungu! Nikaitupa kalamu. Nikaanguka magoti, nikapiga kelele, "Yesu, nitoe humu!"

Gwakisa akanishika bega. "Mama, nini?"

"Hamkusikia?"

Sasa sikilizeni, ndiyo maana niliwatajia majina. Asajile akasema, "Mama, mimi nimesikia kuku tu." Na kuku walikuwa wamenyamaza. Gwakisa akasema amesikia maji, akadhani chungu kinavuja. Akaingiza mkono kutoa simu, mkono ukatoka umelowa hadi kwenye saa. Akaupangusa kwenye suruali mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lugano akaichukua simu, akaitazama, akanionyesha bila kusema. Ilikuwa imezima. Chaji iliisha, na yeye anaapa iliisha kabla hajaitumbukiza, alibonyeza kwa hasira tu, hakuangalia.

Subilaga hakusema kitu. Subilaga! Aliendelea kukaa na kakao mkononi. Asajile alikusanya karatasi zake akasema, "Ndaga, asante mama, tuache kwanza," akapanda bodaboda. Gwakisa naye akaenda. Jua liliposhuka kidogo ndipo mdogo wangu akaniuliza, sauti yake ndogo kama ya mtoto:

"Dada, nani alikuwa anakuita juba?"

Nililala kwake siku ile, mimi na Lugano.

Mchungaji alikuja kesho yake na wazee wa kanisa. Nilikiri yote, hadi wali. Waliniombea mpaka shati la mchungaji likalowa jasho. Nikahisi kitu kimenitoka hapa kifuani, kizito, kama gunia limeshushwa. Niliwauliza, aliyesema ni nani? Mchungaji akaniambia, "Mama, wafu wamepumzika. Lakini Mungu hakosi mdomo wa kusemea." Nimeliweka neno hilo moyoni, silichimbi zaidi.

Lugano akachaji simu. Akaiweka mezani, si kwenye chungu. Akanishika mkono, akasema, "Bibi, leo hutoki." Tukasikiliza somo la tatu. Likafika kwenye swali, muziki ukapigwa, nikataka kuinuka, akanibana mkono. Muziki ukaisha. Mwalimu akakohoa, akasema:

"Hapana, mama. Si busara hata kidogo. Usiuze kinachokulisha ukanunue usichokielewa. Anza na kidogo, ambacho hata kikipotea hutalala njaa. Na anayekuahidi faida ya hakika, mkimbie."

Lilikuwepo pale siku zote! Jibu langu lilikuwa pale pale, baada ya kinanda!

Lugano akamwandikia mwalimu, maana kuna mahali pa kuuliza maswali. Mwalimu akajibu, na Jumamosi moja akaja mwenyewe. Anaitwa Fadhili, anafundisha sekondari huku huku ziwani. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Akashuka kwenye bodaboda mtu mfupi, mnene, mcheshi, kipara kinang'aa. Ambokile alikuwa mrefu kama mti wa mkungu. Akainama, "Shikamoo, bibi," halafu akakohoa.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Ni chaki, bibi. Miaka kumi na nne ya vumbi la chaki."

Na maji? Akacheka. Nyumbani kwake watoto wana kelele, kwa hiyo anarekodia ufukweni. Subilaga akadakia, "Basi umetutesa kwa ubahili wa kukosa chumba!" Tukacheka wote, na kicheko kile nacho kilikuwa uponyaji.

Nikamwambia, "Mwalimu, nikushukuru hasa kwa lile neno la mwisho. Unauza kwa sababu umeelewa, au kwa sababu unaipenda sauti inayokufundisha."

Akaacha kutafuna ndizi.

"Hilo liko somo la ngapi, bibi?"

"Mimi sijui. La tisa, labda."

"Mimi nimeishia la nane. Mvua zilianza, sikurekodi tena." Akakitazama chungu. "Lakini ni neno zuri. Ningependa ningekuwa nimelisema mimi."

Alipoondoka, mimi na Lugano tulikibeba kile chungu hadi shambani. Tukakigeuza mdomo chini juu ya kaburi, nikakandamiza udongo pembeni. Nikasema, "Lala, mwanangu." Sikusema ugonile. Nikarudi bila kugeuka nyuma, na tangu siku hiyo mlango ukilia siinui kichwa. Mwanangu amezikwa. Haleluya!

Sasa, ndugu zangu, baada ya ibada ya Jumapili tunakaa akina mama, simu juu ya benchi, tunasikiliza masomo yale hadi mwisho. Ni bure kweli. Lugano anaeleza, Subilaga anabisha. Mimi nina vipande vichache vya mfuko wa pamoja, vidogo, kutoka kwenye kakao iliyozidi, na shamba liko. Njooni. Lakini wewe unayengoja mtu ambaye hatakuja, wewe unayeongea na kitu ndani ya nyumba na hujamwambia mtu, njoo kwanza kwa Yesu. Hatakuuliza umelisha nini. Alinitoa mimi na wali mkononi, atashindwaje kwako?

Neno moja limebaki. Mvua zilipokatika, mwalimu Fadhili alirekodi somo la tisa, na akaliweka lile neno humo, kwa sauti yake, na kikohozi na maji. Kwa hiyo sasa lipo. Wengine mtalisikia mtasema, ahaa, bibi alilisikia hapa akachanganya siku. Inawezekana. Mimi ni mzee. Kama nimekosea jina la mtu au siku, nisahihisheni; Gwakisa yupo, Asajile yupo, waulizeni. Na kama kuna yeyote kati yenu aliyelisikia neno lile kwenye simu yake kabla ya Jumatano ile, tafadhali aje aniambie. Namsubiri. Lakini anionyeshe pia mahali ambapo sauti inasema juba, maana la mwalimu nimelisikiliza hadi mwisho, na lenyewe linasema mama.